Uzoefu wangu na bima ya ujenzi wa nyumba Mwanza: inalipa nini, inakwepa nini

Niliyonunua ni bima ya mkandarasi ya hatari zote, ile ambayo mawakala wa mjini huiita kwa kifupi "bima ya ujenzi". Nyumba ni ya ghorofa moja, iko kwenye mteremko wa Isamilo. Bima ilikuwa ya miezi 14 ya ujenzi na miezi 12 ya matazamio, yaani kipindi cha baada ya kukabidhiwa nyumba ambapo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro. Ada haikufika nusu asilimia ya thamani ya mradi, kisha ikaongezwa VAT ya asilimia 18. Naipa nyota tatu kati ya tano. Inafanya kazi, ila jina lake linaahidi zaidi kuliko hati yenyewe.

Hati ina sehemu mbili. Ya kwanza inalinda kazi: msingi, kuta, slabu, pamoja na saruji na nondo zilizoko saiti. Ya pili inalinda watu wa nje na mali zao. Mafundi na vibarua wako hawamo humo. Hao wanahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mkandarasi ndiye anayepaswa kuwa amejisajili huko. Hakikisha pia jina lako limeandikwa pamoja na la mkandarasi kama wakatiwa bima wawili. Likiwa lake peke yake, hundi itakuwa yake, na wewe utabaki kumpigia simu.

Watu wengi wanakwama kwenye suala la kazi mbovu. Chukua ukuta wa mawe wa mita 2.5 unaozuia udongo nyuma ya nyumba, kitu cha kawaida kwenye milima yetu. Unahitaji matundu ya kutolea maji, bomba la inchi 2 kila baada ya mita moja na nusu hivi, na kokoto nyuma yake ili udongo usiyazibe. Fundi akiyaruka, mvua za Aprili zinajaza maji nyuma ya ukuta, msukumo unazidi, ukuta unalala. Tuseme umelalia jiko lako na banda la jirani. Ukuta wenyewe haulipwi, kwa sababu ndio uliojengwa vibaya. Jiko, ambalo lilijengwa sawasawa, linalipwa. Banda la jirani linaingia sehemu ya pili, ikithibitika kwamba kosa ni la upande wako. Sasa badilisha jambo moja tu: ramani yenyewe haikuonyesha hayo matundu. Hapo kosa ni la usanifu, na hati ya kawaida inakataa sehemu ya kwanza yote, jiko likiwemo. Ndiyo maana ramani yenye muhuri wa mhandisi ina thamani kuliko punguzo lolote la ada. Kipo kipengele cha nyongeza kinachogusa makosa ya usanifu. Kiulize mapema, kina bei yake.

Kwa Mwanza kuna mtego mwingine: mawe. Ukipasua jabali kwa baruti au kwa mashine ya kugonga, ukuta wa jirani ukapata nyufa, sehemu ya pili ya kawaida hailipi. Imeondoa madhara ya mtikisiko na ya kudhoofisha ardhi inayoshikilia jengo la jirani, mpaka uombe kipengele cha nyongeza. Mimi nilikiomba. Kampuni ikataka ripoti ya hali ya nyumba za jirani kabla ya kazi kuanza. Piga picha za kila ufa, weka rula kando ya ufa ili upana uonekane, andika tarehe, jirani asaini. Hata na nyongeza hiyo, nyufa ndogo zisizohatarisha jengo hazilipwi.

Halafu kuna ujenzi wetu wa kudunduliza. Msingi mwaka huu, boma mwakani, bati Mungu akipenda. Bima hii haikuundwa kwa mtindo huo. Kazi ikisimama, hasara inayotokana na kusimama huko haimo, na muda wa bima unaendelea kuyoyoma. Kama fedha zako zinakuja kwa mafungu, kata bima ya hatua moja inayokamilika, kwa mfano slabu na kuta za juu, na uiarifu kampuni kwa barua kila unaposimama. Ukiona muda hautatosha, omba nyongeza ya miezi kabla hati haijaisha. Ikishaisha unaanza upya, na mkaguzi anakuja kuangalia kilichokwisha kuharibika.

Thamani usiipunguze ili ada ishuke. Nyumba ya kumalizika kwa milioni 150 ukiiandika milioni 90, umekatia bima asilimia 60 tu ya thamani. Hasara ya milioni 20 italipwa milioni 12. Toa ekses, yaani kipande cha hasara unachobeba mwenyewe. Kwangu ilikuwa asilimia 10 ya dai, kwa hiyo inabaki milioni 10.8. Tumia makadirio ya mkadiriaji majenzi, na weka ndani yake vifaa ulivyonunua mwenyewe na ufundi. Weka pia fungu la kuondoa kifusi. Slabu iliyoanguka kubebwa kutoka mlimani ambako lori halifiki si gharama ya mchezo.

Kwenye madai, hati yangu ilitoa siku 14 za kutoa taarifa kwa maandishi. Simu kwa wakala haihesabiki. Usisafishe eneo kabla mkadiria hasara hajafika, isipokuwa kuegemeza kinachotishia kuanguka. Kama ni wizi, chukua RB, namba ya taarifa ya polisi, siku hiyohiyo. Nondo "zilizopungua" wakati wa kuhesabu stoo hazilipwi, lazima kuwe na dalili za wizi. Weka risiti, delivari noti, daftari la saiti na matokeo ya vipimo vya zege. Nyota moja imekatwa hapa: mkadiria alitoka Dar es Salaam, na wiki tatu zilipita kabla hajakanyaga saiti. Ukikwama kabisa, TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa mjini, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tetemeko liulizie kwa jina lake. Lile la Bukoba la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na ng'ambo hiyo si mbali. Kwa wenye viwanja vya ufukweni, ziwa lilivyopanda mwaka 2020 kila mtu aliona. Na ndani ya mita 60 kutoka ukingoni Sheria ya Mazingira ya 2004 imekwisha kukataza ujenzi, kwa hiyo hata fomu ya bima usijaze.

Nyota ya pili imekatwa kwenye mwisho wa ulinzi. Ukihamia, hata kama chumba kimoja tu kina kitanda, sehemu unayoitumia inatoka kwenye bima ya ujenzi. Miezi 12 ya matazamio inagusa zaidi uharibifu ambao mkandarasi anausababisha akirudi kurekebisha. Ufaransa, tangu sheria ya 1978, mjenzi hubeba bima ya miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo. Hii yetu haifanani na hiyo hata kidogo. Siku ya kukabidhiwa funguo, uwe umeshalipia bima ya moto na majanga ya nyumba, ianze saa ileile.