Kwa miguu hadi Ngome ya Siyu: nendeni, lakini waandaaji waongeze muda

Boti iliondoka Lamu asubuhi, ikapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, ikatushusha Mtangawanda kisiwani Pate. Kutoka hapo wenye haraka hupanda bodaboda hadi Siyu. Jamani, tembeeni.

Sehemu ya kwanza ni vumbi na minazi tu. Utamu unaanza mkikaribia Siyu. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mwongozaji wetu, kijana wa Siyu mwenyewe, alituteremsha ukingoni mwa mikoko. "Mama, vua viatu," aliniambia, "tope la hapa halirudishi kiatu." Lilitufika juu ya vifundo, jeusi, vuguvugu. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, imechomoza wima kila mahali, na kaa wenye gando moja kubwa wanakimbilia mashimoni kabla hujaweka mguu. Kijana alitushikisha mkoko mnyoofu akatueleza kwamba vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko kama huo. Maelezo yake yalikuwa hivyo njia nzima, na ndiye aliyenifanya nione nauli yangu imekwenda pazuri.

Halafu ngome ikatokea, kuta za mawe na chokaa zikikabili mkono wa bahari. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said wa Zanzibar alileta majeshi hapa, na watu wa Siyu chini ya Bwana Mataka wakayarudisha. Mji haukusalimu amri hadi zama za mwanawe, Seyyid Majid. Ukiwa umetoka kwenye tope lile huhitaji kushawishiwa: jahazi kubwa lenye mizinga lingesogeaje kwenye mlango wa maji ambao ukipwa unabaki matope matupu? Aliyeletwa na pikipiki hadi mlangoni hilo halioni.

Kilichoniudhi ni saa. Tulichelewa kung'oa nanga, basi ndani ya ngome tukaharakishwa ili tuwahi maji ya Mkanda kabla hayajakupwa. Siyu ni mji wa mafundi wa ngozi, na makubadhi yao tuliyaona kwa mbali tu tukipita mbio. Kundi zima lilinung'unika, na haki yao.

Mkipiga simu kuweka nafasi, ulizeni maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na shikilieni muondoke alfajiri. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha. Kivuli ni kidogo. Mimi narudi msimu wa kaskazi, na safari hii fundi wa makubadhi nitamwona kwanza.