Gari kula oili: nilichofanyiwa gereji na hela iliyonitoka

Gari yangu ni ya 2005, petroli cc 1800, saa hizi ina kilomita 214,000 na kitu. Mwaka jana ikaanza kula oili, mwanzoni nikadhani inavuja nikatandika boksi chini usiku kucha, asubuhi boksi kavu kabisa hamna hata tone. Basi nikajua inaunguza ndani kwa ndani. Nikawa kila nikijaza mafuta napima, nachomoa kijiti nafuta na kitambaa nachovya tena, nikaja kugundua lita moja inaisha kwa kilomita 800 hivi, na nikikanyaga mafuta kwenye kilima naona moshi wa bluu nyuma.

Fundi wa kwanza akasema weka oili nzito, 20W-50. Nikaweka, moshi ukapungua wiki mbili ukarudi. Wa pili hata boneti hakufungua, alisikiliza tu muungurumo akasema injini imekufa hii, twende Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, ukachukue ya mtumba, milioni 1.8 hapo bado ufundi. Iliniuma sana, yaani mtu anataka kukutoa hela yote hiyo hajapima kitu chochote, na hiyo ya mtumba nayo hujui imetembea kiasi gani huko ilikotoka.

Wa tatu ndo huyu nayemsifia. Alianza na vavu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena, akaichomoa akaitikisa karibu na sikio, ikalia, akasema hii nzima. Akatoa plagi nne akazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake, tatu kavu, ya silinda namba tatu nyeusi tii imelowa oili. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, 175, 170, 125, 172, ya tatu ndo iko chini. Alafu akadondosha oili kidogo kwenye ile silinda ya tatu akapima tena, ikapanda mpaka 160. "Bosi, hizo ni ringi, ingekuwa vavu isingepanda hivyo." Ringi ni zile pete za chuma zinazozunguka pistoni na kuzuia oili isipande juu. Hapo nikamwamini maana nimeona mwenyewe.

Kufungua kweli, ringi ya oili imeganda na kaboni, vile vitundu vya kwenye pistoni vinavyorudisha oili chini vimeziba kabisa. Kuta za silinda hazina mikwaruzo, ndo ikawa salama yangu. Pistoni zikasafishwa, ringi mpya zote sio ile moja tu, na vavu sili, vile viraba vinavyozuia oili isipite kwenye vavu, tukabadilisha palepale kwa sababu hedi, yaani kichwa cha injini, ilishashuka.

Hela: ringi 95,000, vavu sili 40,000, seti ya gasketi 110,000, plagi 60,000, kusawazisha hedi 50,000, oili na filta 85,000, ufundi 300,000. Jumla 740,000.

Kuna mtu ataniambia si bora ungeendelea kuongeza oili tu, lita moja 15,000, kwa mizunguko yangu ni kama 30,000 kwa mwezi. Nililipigia hesabu hilo. Ila oili ikiungua inakwenda kuziba masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na kuua oksijeni sensa inayopima huo moshi, na siku ukisahau kupima ukawa safarini injini inakauka inajam, hapo ndo utaitafuta hiyo ya mtumba kwa lazima.

Kilichonikera ni muda. Aliniambia siku tatu zikafika tisa, simu saa nyingine hapokei, nikawa napanda daladala na watoto wa shule asubuhi. Na wiki ya kwanza oili ilichuruzika kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, nikarudisha, akabadilisha gasketi bila kudai hata mia.

Oili ya kwanza nilimwaga kwenye kilomita 1,000 kama alivyoniagiza. Sasa nimeshatembea 6,000, nimeongeza nusu lita tu kwa jumla. Juzi nimeenda Morogoro na kurudi, asubuhi injini ikiwa ya baridi nikachomoa kijiti, oili iko palepale alama ya juu, nikachovya mara ya pili kuhakikisha.