Uzoefu wangu: jarida la magari linalokwambia ushuke Kitonga na fri

Nyota moja, na hiyo moja natoa kwa shingo upande. Jina la jarida silitaji. Ugomvi wangu uko kwenye kurasa mbili, na kurasa mbili hizo zinatosha kuua watu.

Ni makala ya ushauri kwa madereva wa njia ya milimani, mkoa wa Iringa mpaka Mbeya. Ushauri wao wa tatu unasema hivi: ukianza kushuka mteremko mrefu, weka gia kwenye N, yaani fri, acha gari liteleze lenyewe, utaokoa mafuta na injini itapumzika. Picha waliyoipachika pembeni ni ya mlima Kitonga, kati ya Ilula na Mbuyuni.

Kitonga! Mahali ambapo lori linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, jingine linashuka likiwa limeshikilia gia ya chini, kona haikuonyeshi kilichoko mbele, na upande mmoja ni bonde. Aliyeandika vile hajawahi kusikia harufu ya breki zinazoungua pale chini Mbuyuni. Angekuwa amewahi kuisikia, mkono ungegoma kuandika.

Nianze na hesabu, maana jarida la magari lisilopiga hesabu halina kazi. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 500 za kimo, uzito wake unatoa nishati ya takriban megajuli 7. Upepo na tairi vitakula sehemu yake, tuseme robo. Inayobaki lazima iende mahali. Gari likiwa kwenye gia, injini inachukua fungu kubwa kwa kule kusukuma pistoni huku koo la hewa limefungwa. Likiwa fri, zote zinaingia kwenye breki, na karibu asilimia 70 ya kazi hiyo inaangukia breki za mbele. Ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 15 za maji kutoka baridi ya bomba mpaka yatokote. Sehemu kubwa yake umeipakia kwenye diski mbili na pedi nne za mbele, tena una abiria na magunia ya viazi.

Baada ya hapo mambo yanaharibika kwa mpangilio unaojulikana na kila fundi wa njia hii. Pedi zikipita joto lake, gundi iliyomo inatoa gesi na uso wake unakuwa kama kioo. Unakanyaga kwa nguvu, gari halishiki. Drum za nyuma zinatanuka kwa moto, zinakimbia mbali na viatu vyake, kwa hiyo pedali inashuka zaidi. Mwisho yanafuata mafuta ya breki, na hapa ndipo watu wanapokufa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yanavuta unyevu wa hewani, na yakishalowa yanachemka kwenye nyuzi 140 tu. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya paipu, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni bila kufanya chochote. Sasa fikiria ukungu na mvua za Tukuyu au Makete, na gari ambalo halijabadilishwa mafuta ya breki tangu lishuke bandarini. Ndiyo maana mafuta hayo yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama chupa inaonekana imejaa. Jambo hilo lingejaza ukurasa mzima wenye faida. Wao hawakuligusa.

Na kuhusu hayo mafuta wanayodai kuokoa. Injini ya EFI, ile inayopimiwa petroli na kompyuta, yaani ya karibu kila gari dogo lililoko barabarani leo, ukiondoa mguu kwenye ekseleta huku gia imeshika, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Petroli inayoingia ni sifuri mpaka mzunguko ushuke karibu na 1,200 hivi kwa dakika, ndipo nozeli zinarudi kufanya kazi. Ukiweka N, magurudumu hayaizungushi tena injini, kwa hiyo lazima ichome petroli ili isizime. Yaani fri ndiyo inayokula mafuta! Mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari achomeke aangalie mwenyewe: kwenye gia, mguu juu, ulaji unasoma 0.0, weka N, unapanda mpaka kiasi cha lita 0.6 hadi 1 kwa saa. Na hata kama jarida lingekuwa sahihi, mteremko wa robo saa ungeokoa chini ya robo lita. Robo lita! Kwa hiyo robo lita unaweka rehani familia nzima iliyo ndani ya gari.

Kwa gari la oto kuna hasara ya pili. Pampu ya mafuta ya gia inazunguka kwa kasi ya injini, na ukiwa N injini iko chini wakati shafti inayotoka kwenye gia inakimbia kwa kasi ya magurudumu. Mafuta hayafiki inavyotakiwa. Ukirudisha D kwenye kilomita 60 kwa saa, klachi za ndani zinapokea kishindo. Rudia kwa mwaka mzima, halafu umlaumu aliyekuuzia gari.

Walichopaswa kuandika kinaingia kwenye nusu ukurasa. Punguza mwendo kabla ya kilele, wakati barabara bado ni tambarare, na uchague gia hapo hapo. Gia ambayo ungepandia mlima ule ndiyo ya kuushukia. Gari la manyu, ya tatu au ya pili. Oto ya zamani, bonyeza kitufe cha O/D, kile kinachozuia gia ya juu kabisa, mpaka taa ya O/D OFF iwake, na mteremko ukizidi vuta kwenye 2. Ukikuta L, iache kwa mwendo wa chini sana. Ukiwa na Prius tumia B, ndiyo kazi iliyowekewa. Injini ikipiga kelele kwenye mizunguko 3,000 au 3,500 usiogope. Mstari mwekundu wa injini nyingi za petroli uko karibu na 6,000. Breki zinakanyagwa kwa uthabiti, mwendo ushuke kutoka 50 hadi 35, kisha mguu unaondolewa kabisa ili upepo uzipoze. Kinachochoma ni ule mguu unaoning'inia juu ya pedali kutoka kileleni hadi chini.

Pedali ikilegea: pampu haraka haraka, shusha gia moja kisha nyingine, vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake, na tafuta ukingo wa upande wa mlima uusugue. Ufunguo usiuguse. Ukizima injini, busta ya breki, ile inayousaidia mguu, inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu, usukani unakuwa mzito, na ukiuchomoa ufunguo usukani unajifunga. Ukifika chini na magurudumu yanatoa moshi, usimwage maji, diski itapinda au kupasuka. Usivute hendibreki pia. Weka jiwe kwenye tairi, acha gia imeshika au P, subiri nusu saa. Kisha pima pedi. Zikiwa chini ya milimita 3 ni za kutupa, na zikiwa nene lakini zinang'aa kama sahani nazo ni za kutupa.

Dereva wa Fuso naye anasoma jarida hilo hilo. Breki za upepo ukizipampu ovyo unamaliza hewa ya tangi. Mistari miwili ingetosha kumwambia hivyo. Hakuna hata mmoja.

Nilituma masahihisho, kwa adabu, na hesabu zote hizi. Jibu lilichukua muda mrefu, na lilipokuja lilikuwa hivi: makala imepitiwa na wataalamu, na wasomaji wetu ni madereva wa kisasa, mambo ya mafundi wa Mwanjelwa hayatuhusu. Nimelisoma mara nyingi, na kila mara damu inapanda. Mafundi wa Mwanjelwa, hapo Mbeya mjini, ndio wanaopokea magari yaliyoshuka Iwambi kuelekea Mbalizi yakiwa hayana breki. Wana diski zilizogeuka bluu mkononi. Mtaalamu mwenu ana nini mkononi?

Sasa nisiwe mwongo. Jarida hilo hilo lina ukurasa wa kusoma karatasi ya mnada wa Japani, na sijaona Kiswahili kilichoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Linakuambia R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa, linakuonyesha kwenye mchoro wa bodi kwamba A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Linakuonya kwamba alama 4 ya ubora wa gari zima haina maana ukishaona W tatu upande mmoja. Mtu wa Njombe anayetuma pesa zake Japani bila kuliona gari anaokolewa na ukurasa huo. Kwa ajili yake naongeza nyota, zinakuwa tatu. Mwandishi wa ukurasa ule angepewa na ile makala ya milima, angekuja kwanza kuuliza.

Lakini nikifikia majaribio yao ya barabarani hasira inarudi. Wanajaribu gari usawa wa bahari, kwenye lami ya Dar es Salaam, kisha wanaandika "linapanda milima bila shida". Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi 85 za Dar zikifika Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, zinabaki karibu 70. Ukiendelea Kitulo, juu ya mita 2,500, zinapungua tena, na gari limebeba watu watano. Maji nayo, Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho pwani kingevumilika, huku kinakuchemshia gari. Kifuniko kizima kinashikilia shinikizo la karibu baa 1 na kusukuma kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 110. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo wa kupoza, na haijawahi kuandikwa kwenye majaribio yao hata mara moja. Badala yake, toleo moja la nyuma lilisifu kutoa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, "ili gari lisichemke". Mafinga, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba! Themostati ya Toyota nyingi inafunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa, injini inazunguka na baridi safari nzima, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa na inaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili inabadilika kuwa tope. Kinachochemsha gari ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au kifuniko kilichochoka.

Kwamba kazi hii inawezekana, ushahidi upo. Autocar ya Uingereza inachapishwa tangu 1895. Consumer Reports ya Marekani inanunua magari yake dukani kama mteja yeyote na haipokei matangazo. Auto Bild ya Ujerumani inalikimbiza gari kilomita 100,000 kisha inalifungua vipande vipande na kuvipanga sakafuni. Mwaka 1997 Teknikens Värld ya Sweden ilichukua Mercedes-Benz A-Class mpya, ikaikwepesha ghafla kama dereva anayemkwepa mnyama, gari likapinduka. Kampuni kubwa kama ile ilisimamisha kupeleka magari kwa wateja na kuyafungia mfumo wa kuzuia kuteleza. Hiyo ilikuwa kazi ya waandishi wachache, koni za barabarani na usukani mmoja. Sisi tuna Kitonga, tuna Igawilo, tuna ubaridi wa Makete. Kipimajoto cha kumulika diski kinapatikana kwa wauza vifaa vya umeme. Shusha gari moja mara mbili, mara ya kwanza kwa gia ya pili, ya pili kwa D na mguu juu ya breki, pima diski chini, chapisha namba. Siku moja ya kazi. Jarida zima lingeuzika kwa ukurasa huo peke yake, na mimi ningenunua nakala za kugawa stendi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja, nikasema tatu. Kwa anayetaka kuagiza gari, tatu. Kwa anayeendesha kati ya Ilula na Mbuyuni, sitoi hata moja mpaka wachapishe masahihisho ukurasa ule ule, kwa maandishi makubwa yale yale, na picha ile ile ya Kitonga. Kwa sasa ukurasa wa mnada naukata na kuutunza, na zile kurasa mbili nazichana kabla ya kumwazima mtu jarida.