Altaneta ya Probox: nimeitengeneza Nyakato badala ya kununua ya mtumba

Kama uko Mwanza na altaneta ya gari lako, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka, imeanza kuchoka, mpe fundi umeme aifungue kwanza, habari ya kununua nyingine ije baadaye. Mimi nimefanya hivyo kwa Probox yangu, injini ya 1NZ, kwa fundi mwenye benchi lake Nyakato, na nimeridhika kiasi cha kuandika haya yote.

Gari hili ndilo riziki yangu. Nabeba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, napeleka Magu, na mara nyingi narudi giza limeshaingia. Dalili niliziona kwenye foleni ya Buzuruga: injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa za mbele zinafifia, nikikanyaga mafuta kidogo zinang'aa tena. Baadaye ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikaanza kuwaka kwa mbali, usiku tu ndiyo unaiona. Asubuhi starta inajivuta.

Karibu kila niliyemwambia alisema ni betri. Hapa mjini betri hubebeshwa lawama zote. Nilikataa kununua kabla ya kupima, na kupima kwenyewe hakuhitaji ufundi, mita ndogo ya umeme inatosha. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Washa injini, ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Halafu washa taa kubwa, feni na kiyoyozi. Ikiporomoka ikabaki kwenye 12, tatizo umelipata. Yangu ilisoma 12.9 bila mzigo, taa zikiwaka ikashuka hadi 12.3. Betri ilikuwa inaliwa bila kurudishiwa. Na ikitokea inapanda kupita 15, ujue regyuleta, kile kinachodhibiti volti za kuchaji, imekufa na betri itachemshwa. Usiendelee kuliendesha hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye si huyu wa Nyakato, alitaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, eti tuone kama gari litazima. Nilimzuia. Mtindo huo ni wa magari ya zamani. Kwenye gari lenye kompyuta, ukichomoa betri namna hiyo umeme unaruka juu ghafla, na unaweza kuua diodi, regyuleta, hata kompyuta yenyewe. Fundi akikufanyia hivyo, funga boneti uondoke.

Nikapita pia duka moja la spea. Muuzaji akanitolea altaneta ya mtumba, imepigwa rangi ya fedha inapendeza. Nilipoomba tuipime akasema haipimwi mpaka ifungwe kwenye gari, na ikishafungwa hairudishwi. Lakini altaneta hiyo nayo imetoka kwenye gari lililokwisha tembea huko Japani, na kaboni zake, vile vipande vya ndani vinavyoisha kwa kusuguana, zimebaki kiasi gani hakuna anayejua. Unanunua uchovu wa gari la mtu mwingine.

Huyu wa Nyakato alianza na vitu vya bei rahisi: mkanda, waya mnene unaotoka altaneta kwenda kwenye betri, vichwa vya betri, fyuzi. Alipoona viko sawa ndipo akafungua waya hasi wa betri, akaishusha altaneta na kuipasua mezani mbele yangu. Vumbi jeusi la kaboni lilikuwa limejaa ndani. Akachomoa kishikio cha kaboni, akaniwekea kiganjani: "Kaka, hii moja imebaki kama punje ya mchele, haigusi tena vizuri." Kaboni hizo ndizo zinazopeleka umeme kwenye rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, kupitia pete mbili za shaba. Zikiisha, rota inakosa sumaku, na bila sumaku koili za pembeni hazizalishi kitu hata mkanda uzunguke vipi. Beringi ya nyuma nayo ilikuwa imekauka grisi. Ukiizungusha kwa kidole unasikia inasaga.

Alibadilisha kaboni, akaweka beringi mpya mbele na nyuma, akasafisha pete kwa msasa laini, akapima diodi moja moja. Diodi ndizo zinazogeuza umeme wa altaneta uweze kuingia kwenye betri, na moja ikivuja inanyonya betri usiku kucha gari likiwa limelala. Zangu zilikuwa nzima. Bei yote, vifaa na ufundi, haikufika nusu ya ile ya mtumba. Ila angekuta koili zimeungua, zinanuka na zimegeuka nyeusi, hesabu ingebadilika, hapo kununua nyingine kunaweza kukugharimu zaidi kidogo lakini kukakupunguzia usumbufu wa kusuka koili upya.

Niliweka na mkanda mpya, maana kwenye injini hii mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika hukosi chaji tu, injini inachemka. Hakikisha fundi haukazi kupita kiasi, unaua beringi mpya mapema.

Sasa inasoma 14.2 bila mzigo, na 13.8 kila kitu kikiwa kimewashwa. Starta inaitika mara moja.

Kasoro zipo. Aliniahidi mchana, nikaondoka jioni, na kwa mtu mwenye mzigo wa dagaa unaomsubiri hiyo ni hasara. Risiti aliandika baada ya kuombwa mara kadhaa, na dhamana yake ni ya mdomo tu. Pia alitaka kunirudishia gari betri ikiwa imelala, akisema altaneta itaijaza njiani. Nilisisitiza ichajiwe kwanza kwa chaja, kwa sababu kuibebesha altaneta kazi ya kujaza betri tupu kunaipasha moto kupita kiasi, tena ikiwa ndiyo kwanza imetoka kutengenezwa. Alikubali, na kazi yenyewe ya mezani sina la kuilaumu. Nitarudi kwake.

Alinionya pia kuhusu kuosha injini, na naona wengi hatulijui hili: altaneta ina matundu ya kupoozea, maji ya mashine yakipigwa hapo yanaingia moja kwa moja hadi kwenye beringi na kaboni. Ukipeleka gari kuoshwa, waambie vijana waifunike kwa kipande cha nailoni na waifunue kabla ya kuwasha injini.