Vifaru vyote ruksa: Jumamosi yetu kwenye mashindano ya ghorofa ya tatu

Vidato vya ngazi ni 54. Nilivihesabu wakati wa kushuka, saa moja jioni, tukiwa tumeshatolewa nusu fainali ya mashindano ya World of Tanks, mchezo wa kompyuta wa vifaru vya vita, na mdogo wangu ananung'unika nyuma yangu kama redio isiyoshika stesheni. Ukumbi uko ghorofa ya tatu, mwendo wa dakika mbili kutoka Archives, Nairobi, juu ya maduka ya viatu vya mtumba. Jina lake naliacha. Sina nia ya kumharibia mtu biashara. Ninachotaka ni kuzungumzia neno moja tu lililokuwa kwenye bango lao, nalo ni "vyote".

Bango lilisema: World of Tanks, saba kwa saba, daraja la VIII, vifaru vyote ruksa, kiingilio shilingi 1,000 kwa kila mchezaji, bingwa anaondoka na 30,000. Tulikuwa vikosi vinane. Piga hesabu mwenyewe uone mwenye ukumbi alibaki na ngapi, lakini kwa hilo simlaumu, maana kodi ya katikati ya mji naijua.

Mimi ni fundi wa simu, barabara ya Luthuli. Mchana nabadilisha vioo na kusafisha sehemu za chaji zilizojaa pamba ya mfukoni. Usiku, mtoto akishalala, nawasha kompyuta niliyoiunga kwa vipuri vya kuokoteza na naendesha kifaru. Nimekuwa hivyo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kumwambia mama yangu.

Yaliyo mazuri niyaseme haraka. Kompyuta zao ni safi na hakuna iliyokwama hata mara moja. Stima ilipotea saa nane mchana, jenereta likaunguruma kabla hatujamaliza kulalamika. Viti vina mgongo. Pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ilikuwa milisekunde 160 hivi kwenda seva ya Ulaya, mbaya kama kawaida yetu, ila ilikuwa mbaya kwa kila mtu, na umaskini wa pamoja hauna uchungu. Chipsi za chini zinapandishwa na kijana mmoja kwa shilingi 20 ya ziada. Smoki pasua usiagize, kachumbari yake ilikuwa ya jana.

Sasa tuje kwenye vifaru.

Kwa wasioujua mchezo huu: una madaraja kumi na moja, kuanzia I hadi XI. Unaanza na vigari vya bati na kupanda taratibu, vita baada ya vita, mpaka ufike pa maana. Kifaru cha daraja la VIII kama IS-3 ya Kirusi kinakugharimu takriban milioni 2.5 za fedha ya mchezo, na kabla ya hapo uwe umeshakusanya alama za uzoefu za kukifungua. Mimi IS-3 yangu ilinila miezi. Sisi huviita vifaru vya jasho. Halafu viko vifaru vya kulipia. Hivyo hupandi ngazi yoyote: unatoa pesa za kweli, kifaru kinatua gereji kwako kikiwa tayari, na kila vita kinakuletea fedha ya mchezo nyingi kuliko kile cha jasho.

Hapa watu wengi hukimbilia kusema kwamba mwenye pesa ananunua ushindi. Mimi nitasita kidogo, kwa sababu nami nina kifaru cha kulipia. Ni Löwe, ya Kijerumani. Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa dhahabu 12,500, ile sarafu ya mchezo inayonunuliwa kwa pesa za kweli, na niliinunua kipindi ambacho simu za kuvunjika zilikuja dukani kwangu kwa wingi. Jina lake kwa Kijerumani ni simba. Tabia yake ni ng'ombe wa maziwa. Inatembea kilomita 35 kwa saa ikiwa mteremkoni na ina hamu, inamkata adui alama 320 za uhai kwa risasi moja, na kazi yake gerejini ni kunilipia matengenezo ya vifaru vingine. Katika mashindano hakuna aliyewahi kuniambia nije nayo. Jumamosi ile, kati ya wachezaji 56, sikuona Löwe hata moja.

Kwa hiyo kulipia peke yake si kosa. Wargaming wenyewe, wenye mchezo, walitangaza mwaka 2013 kwamba hawatauza kitu kinachompa mtu nguvu vitani kwa pesa tu, na zile risasi za dhahabu, ambazo hupenya zaidi, siku hizi zinanunuliwa hata kwa fedha ya kawaida ya mchezo. Kwenye mashindano ya ukumbini hata hilo halina uzito. Tunacheza katika chumba cha mazoezi, ambako hulipi risasi wala matengenezo na hupati chochote. Faida ya Löwe yangu inaishia mlangoni. Kinachobaki ni chuma na bunduki, basi.

Na kwenye chuma ndipo tulipoumia.

Nusu fainali tulipangiwa kikosi cha vijana wa mtaa wa karibu na chuo, wapole, wanasalimia vizuri. Ramani Himmelsdorf, ule mji wa Kijerumani wenye kilima upande mmoja na reli upande mwingine. Bora katika mechi tatu. Ya kwanza tulishinda: tulipanda kilima na vifaru vyepesi kabla hawajajipanga, tukawamiminia kutoka juu. Mdogo wangu alipiga meza mpaka mwamuzi akamtazama.

Ya pili walikuja na Defender tatu.

Defender, kwa jina kamili Object 252U, ni kifaru cha kulipia cha Kirusi cha daraja hilohilo la VIII. Uwanjani halisi hakikuwahi kupigana, kilibaki kwenye michoro. IS-3 angalau ina historia yake: ilipita kwenye gwaride la ushindi mjini Berlin, Septemba 1945, majenerali wa nchi za Magharibi wakikodoa macho. Katika mchezo vyote viwili vina ile pua ya mkuki, na bunduki zao zina upenyaji mmoja, milimita 225. IS-3 inapiga 390, Defender 440. Unaweza kudhani hapo ndipo penye wizi, lakini fanya hesabu: kifaru chenye uhai wa 1,500 kinahitaji risasi nne za IS-3, na za Defender pia nne, kwa wastani. Bunduki haikutuua. Kilichotuua ni kwamba risasi zetu zilikuwa zinagonga na kuruka. Walisimama kwenye reli, pua mbele, watatu kama milango ya benki, na mimi niliyefundishwa na miaka ya usiku kulenga sahani ya chini ya kifaru, penye udhaifu wake, nikawa naona wameificha nyuma ya vifusi. Kale kakofia ka kamanda kalikobaki juu, kwa pingi ya 160, jaribu wewe.

Tulipigwa saba kwa tatu, kisha saba kwa moja.

Haki isemwe: mechi ya tatu tulicheza vibaya. Binamu yangu alijitokeza peke yake kwenye barabara ya katikati kama mtu anayevuka Thika Road penye daraja juu yake. Hata wangekuwa na vifaru vya mbao wangemla.

Nilienda kwa meneja wa mashindano, kijana mtaratibu mwenye kalamu sikioni. Nikamuuliza kama aliliona tatizo.

"Dada, si ni mchezo? Kila mtu alete alicho nacho. Kwani ukienda kucheza pool na fimbo yako mwenyewe kuna atakayekukataza?"

Nikamwambia fimbo yake nzuri haizuii mpira wangu kuingia shimoni. Defender inazuia.

Akacheka, akaniambia ningenunua nami. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata yeye hajui duka linavyofanya kazi. Defender hazikai dukani mwaka mzima kama unga wa ugali. Zinakuja, zinakaa siku chache, zinatoweka. Type 59 ndiyo mbaya zaidi. Ni kifaru cha Kichina cha uzito wa kati, ndugu wa T-54 ya Kirusi, cha aina ambayo hata majirani zetu Tanzania waliwahi kununua kutoka China kwa jeshi lao. Kwenye mchezo kiliuzwa miaka ya mwanzo kabisa, kikaondolewa dukani, na tangu hapo kinarudi kwa nadra, mara nyingi ndani ya masanduku ya sikukuu ambayo unalipia bila kujua utatoa nini. Kwa hiyo mtu akikuambia "nunua nawe", muulize wapi. Kijana aliyeanza kucheza mwaka jana anaweza kuwa na pesa mkononi na asipate. Hapo tofauti yake na wakongwe haiko mfukoni tena, iko kwenye tarehe aliyojiandikisha.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi. Kifaru cha jasho kikionekana kina makali kupita kiasi, kampuni inakipunguza, wiki inayofuata kila mtu amezoea. Cha kulipia hakipunguzwi hivihivi, kwa sababu kuna mtu alitoa pesa za kweli kwa makali yaleyale. Mwaka 2013 walipobadilisha deraya ya Super Pershing ilibidi waruhusu wenye nacho wakirudishe wapewe dhahabu. Ukishauza kisu huwezi kukiendea usiku ukakitia butu. Na wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hawakuwa wanatoza shilingi elfu mlangoni.

Nilimpa meneja njia mbili. Ya kwanza, ukumbi uwe na akaunti zake zenye vifaru vinavyofanana, kila kikosi kichague humo. Nilipokuwa nasema nikajikosoa mwenyewe, maana kanuni za mchezo zinakataza akaunti moja kutumiwa na watu wengi, na fainali ikivunjika kwa akaunti kufungwa wote tutalia. Ya pili ni rahisi kama kuandika: vifaru vya jasho pekee. Kila mtu anaweza kuvifikia, hata kama itamchukua miezi. Nikamkumbusha kwamba ukumbi wake huohuo, Ijumaa usiku, unaendesha mashindano ya FC, ule mchezo wa kompyuta wa mpira, na pale hawaruhusu mtu alete kikosi chake cha kadi za kununua. Wanaweka ile namna ya 85, ambapo kila mchezaji ana alama 85, beki wa timu ya mkiani sawa na Mbappé. Wachezaji wa mpira walishamaliza ugomvi huu. Kwa nini sisi wa vifaru tuanze upya?

Akaitoa kalamu sikioni, akakubali nina hoja. Hilo nalipa uzito katika tathmini hii, kwa sababu nimecheza sehemu nyingine mbili hapa mjini ambako ukilalamika unaambiwa uende nyumbani ukacheze na mtoto wako.

Pesa za washindi zilitumwa kwa M-Pesa palepale, mbele ya watu, na mwamuzi alikuwa mkali kwa wachelewaji bila kubagua. Wale vijana wa Defender walichukua ubingwa, wakatununulia soda. Kapteni wao aliniambia kifaru chake alikipata zamani kama zawadi ya kaka yake aliye Mombasa, na mwenyewe hakujua kina thamani gani hadi alipoanza kuombwa ajiunge na vikosi. Sikuweza kumkasirikia. Alitokea tu kuwa na kaka mwema.

Nyota tatu kati ya tano. Moja imekatwa kwa bango, nusu kwa kachumbari, na nusu nyingine kwa vile vidato 54, maana mgongo wangu si wa juzi.

Jumatatu meneja alinitumia picha ya bango jipya. Ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: DARAJA LA VIII, VIFARU VYOTE RUKSA ISIPOKUWA DEFENDER. Nilikuwa na simu ya mteja mkononi, kioo kimefunguliwa, nikaiweka chini nicheke. Progetto ya Kiitaliano ya kulipia itaingia, Bourrasque ya Kifaransa na risasi zake mbili za harakaharaka itaingia. Nikamwonyesha mdogo wangu alipokuja kuniletea chai. Akalisoma bango mara mbili, polepole, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumlipia kiingilio aje na Type 59 yake, ile ya sanduku la Krismasi.