Mkanda wa taimingi wa Hiace: mpe fundi, lakini simama naye

Kumwaga oili na kubadilisha pedi za breki, fanya mwenyewe. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamu (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli kwa mpangilio na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), wa Hiace ya dizeli, injini aina ya 5L, hapana. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na mafundi wa soko la spea la Kisekka, Kampala, tunawapendekeza: kazi wanaijua, spea ziko hapo hapo. Nunua mkanda pamoja na tensiona (puli inayoukaza) na sili ya krenki (mpira unaozuia oili kuvuja). Tensiona ya zamani ikikwama, mkanda mpya unaliwa. Sili ikivuja, oili inauozesha mkanda. Kabla ya kuwasha, dai injini izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama za krenki, kamu na pampu zikaguliwe tena. Mkanda ukiruka jino moja, gari linakosa nguvu; ukiruka mengi, valvu zinagonga pistoni.