NetworkX kwa kupanga njia za faiba: nimeitumia, naipendekeza

Kazi yangu ni kuchora njia za faiba, na kila mita ya mtaro ni pesa ya mteja. Mwezi uliopita nilikuwa na shule tisa za kuunganisha. Nilihangaika siku mbili kwa kalamu na ramani. Mwishowe nikaingiza barabara zote kwenye NetworkX, maktaba ya bure ya lugha ya programu ya Python, nikaita steiner_tree, amri yake ya kutafuta mchoro mfupi wa kuunganisha sehemu ulizochagua. Chai haijapoa, jibu limeshatoka, tena fupi kuliko langu kwa zaidi ya kilomita moja. Nilifurahi sana, jamani.

Ila ujue kabla hujanunua waya: jibu hilo ni la kukaribia. Hakuna anayejua njia ya haraka ya kupata mchoro bora kabisa kila mara, kwa hiyo unachopewa ni dhamana kwamba urefu hautafika mara mbili ya ulio bora. Nimeipima. Shule tatu, kila moja kilomita 1 kutoka njia panda, na barabara ya kutoka shule hadi shule kilomita 1.9. Kupitia njia panda ni kilomita 3 tu. Yenyewe ikanipa 3.8. Tangu hapo nachukua mchoro wake, kisha nakagua kila njia panda kwa mkono.

Halafu mchoro wake ni mti, hauna njia ya akiba. Greda likikata waya, shule za mbele zinazimika. Kwa hilo tumia k_edge_augmentation, amri ya kuongeza njia za akiba, imo humo humo.